Suez kwa Upande wa Maji Matamu

(Hotuba iliyotolewa Mombasa mbele ya mabaharia wastaafu, jamaa zao na wanafunzi wa ubaharia. Mzungumzaji ameiandika upya mwenyewe.)

Asalaam aleikum. Na wale ambao salamu yao ni nyingine, hamjambo nyote.

Wazee wangu mlioketi mbele, mama zetu, mabaharia wenzangu, na nyinyi wanangu mnaongoja meli yenu ya kwanza: nimeitwa nizungumze juu ya Mfereji wa Suez kwa sababu nimeupita mara kumi na moja. Basi nianze kwa kukiri. Mara ya kwanza sikuuona. Nilikuwa kijana wa kupangusa mafuta chini kwenye injini, na fundi mkuu hakuwa mtu wa kuombwa ruhusa. Nilijua tumeingia mferejini kwa kuwa injini ilipunguza mwendo, ikakaa hivyo hivyo mchana kutwa. Nilipopanda juu, mchanga ulikuwa umekwisha na Bahari ya Kati imefunguka mbele yetu. Niliporudi nyumbani watu wakaniuliza Suez ikoje. Nikawaambia: joto.

Mara ya pili mambo yalikuwa mengine. Tulikuwa twapanda kaskazini, na alfajiri nikawa sitahani. Upande wa kulia kulikuwa na mchanga, mchanga mtupu mpaka macho yachoke. Upande wa kushoto kulikuwa na mitende, miembe, mashamba, mtoto juu ya punda. Mfereji mmoja, jua moja, na kati ya pande mbili hizo hapana hata nusu kilomita. Melini tulikuwa na wale Wamisri wanaopanda na mashua zao ili kufunga kamba meli ikilazimika kusimama. Nikamwuliza mmoja wao, mzee, kulikoni huku kijani na huku jangwa? Akanyosha kidole kule kushoto akasema maneno mawili tu: mayya helwa. Maji matamu.

Wengi wetu twaujua mfereji wa chumvi, ule wa meli, ule wa habari za redio. Lakini ile miji mitatu iliyoko juu yake, Port Said, Ismailia na Suez, haikupata kunywa hata kikombe kimoja kutoka kwake. Miji hiyo ililelewa na mfereji mwingine, mwembamba, unaotoka mto Nile na kukata jangwa kwenda mashariki. Mimi naamini ukiisoma historia ya Suez kwa upande wa huo mfereji mdogo, mambo mengi yanajipanga.

Sisi watu wa kisiwani hatuhitaji kuelezwa sana. Bahari imetuzunguka pande zote, na bomba likikauka siku mbili, mikokoteni yenye madebe ya maji yaanza kupita mitaani. Maji yetu yatoka chemchemi za Mzima, kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200. Kwa hivyo tuelewane: mji wa bandari waweza kufa kiu huku miguu yake imo majini.

Sasa tazameni hali ilivyokuwa. Tarehe 25 Aprili 1859, Mfaransa Ferdinand de Lesseps, ambaye hakuwa mhandisi bali balozi aliyestaafu, alipiga jembe la kwanza kwenye ufuo mwembamba wa mchanga kati ya Bahari ya Kati na ziwa la Manzala. Kibali alikipata mwaka 1854 kwa Said Pasha, mtawala wa Misri, na mji ulioanzishwa hapo ukapewa jina lake: Port Said. Hapakuwa na kisima wala mti wala jiwe. Maji ya kunywa yaliletwa kwa mashua kutoka Damietta, kupitia ziwa Manzala, na mengine yalipatikana kwa mashine za kuchemsha maji ya bahari. Upepo ukikataa, mashua hazifiki. Upande wa pili, mji wa Suez ulikuwa wa kale lakini nao ulikuwa na kiu: maji yake yaliletwa na ngamia, na reli ilipofika kutoka Cairo yakaletwa kwa gari moshi. Na katikati, maelfu ya mafalahi, yaani wakulima wa Kimisri, wenye majembe na makapu jangwani, maji yao yapo juu ya mgongo wa ngamia.

Mafalahi hao walikuja kwa shokoa. Neno hilo vijana huenda hamlijui. Ni kazi ya lazima inayotolewa na serikali kwa mijeledi. Karibu watu 20,000 walipelekwa kila mwezi, wengine 20,000 wako njiani kwenda, wengine 20,000 wako njiani kurudi. Ndiyo maana ule mfereji mdogo ulibidi utangulie. Ulichimbwa kupitia bonde la Tumilat, ukafika ziwa Timsah mwanzoni mwa mwaka 1862, kisha ukageuzwa kusini ukafika mji wa Suez mwisho wa mwaka 1863. Kando ya ziwa Timsah ndipo ulipozaliwa mji wa Ismailia, wenye jina la Khedive, yaani mtawala, Ismail aliyemrithi Said. Kutoka Ismailia yakatandazwa mabomba ya chuma kupeleka maji Port Said. Yaani mfereji wa chumvi ulichimbwa na watu waliokuwa wanakunywa kutoka mfereji mtamu, na bila ule wa pili wa kwanza usingechimbika.

Mwaka 1864 shokoa ikakomeshwa. Waingereza, ambao hawakuutaka mfereji wa Mfaransa, waliipigia kelele sana, na kwa mara moja kelele zao ziliwafaa watu wa chini. Napoleon III, mfalme wa Ufaransa, akawekwa kuwa mwamuzi, akaamua Misri iilipe kampuni ya de Lesseps faranga milioni 84 kwa hasara. Mtu kutolewa utumwani na aliyemtumikisha akalipwa fidia: hilo tumelisikia hata pwani yetu. Baada ya hapo kazi kubwa ikafanywa na mashine za mvuke, mashua zenye mnyororo wa ndoo zikikumba matope na kuyamwaga ukingoni. Jumla walihamisha kama meta milioni 75 za ujazo. Agosti 1869 maji ya bahari mbili yakakutana katika Maziwa Machungu, ambayo kabla ya hapo yalikuwa bonde kavu lenye godoro la chumvi chini, na tarehe 17 Novemba 1869 mfereji ukafunguliwa: kilomita 164, kina cha meta 8, na hapana lango hata moja la kupandishia maji, kwa kuwa bahari mbili hizo karibu ziko sawa. Mke wa Napoleon, Eugénie, akatangulia kwa jahazi lake la kifalme, l'Aigle.

Hapa kuna jambo lililonifanya nikae kitako. Je, waliokufa walikuwa wangapi? Gamal Abdel Nasser, rais wa Misri, katika hotuba yake ya Alexandria tarehe 26 Julai 1956, alisema 120,000. Wanahistoria wengi wanasema hesabu hiyo inazidi ushahidi, ingawa kipindupindu cha mwaka 1865 pekee kiliua wengi. Lakini fungueni Herodotus, Mgiriki aliyeandika habari za Misri katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Anasimulia Farao Neko aliyetaka kuchimba mfereji kutoka Nile hadi Bahari ya Shamu, akauacha kabla ya kumaliza. Anasema Wamisri waliokufa humo walikuwa, sikilizeni, 120,000. Karibu miaka elfu mbili na mia nne kati ya hesabu moja na nyingine, na idadi ile ile! Mimi sisemi Nasser aliitoa huko. Nasema kuna vifo ambavyo hakuna karani aliyevihesabu, na watu hutafuta namba kubwa ya kuviwekea.

Na mfereji huo wa Neko ulipita wapi? Bonde lile lile la Tumilat. Mfalme Dario wa Uajemi akaumalizia, akasimamisha mawe yenye maandishi kando yake kujisifu kwamba meli zatoka Misri hadi Uajemi. Mrumi Trajan akaufukua tena. Kisha ukaja Uislamu. Mwaka wa 18 wa Hijra Madina ilipatwa na njaa kali, ule Mwaka wa Majivu mnaousikia misikitini, na Sayyidna Omar akamwagiza Amr bin al-As, aliyekuwa ameifungua Misri, azibue mfereji wa kale. Ukaitwa Khalij wa Amiri wa Waumini. Nafaka ikapakiwa Fustat, ikashuka hadi Qulzum, palipo Suez ya leo, ikavuka bahari hadi bandari ya al-Jar, na Madina ikala. Na baada ya karne moja na ushei, Khalifa al-Mansur akauziba, ili wale waliomwasi huko Hijazi wasipate chakula. Mfereji mmoja, kwanza ulifunguliwa ili Madina ishibe, kisha ukafungwa ili Madina ilale njaa. De Lesseps alipopita na wahandisi wake bondeni humo, walikuta alama za mfereji wa kale. Kwa hiyo huo mfereji mtamu ninaousema ndio mkongwe, na ule mkubwa wa meli ni mdogo wake.

Sasa pwani yetu inaingia wapi? Wengi husema Suez ilituletea wakoloni, basi. Ni kweli lakini ni kweli ya haraka. Mwaka 1872 kampuni ya meli ya British India ilianzisha safari za barua kati ya Aden na Unguja, na mwaka 1890 Wajerumani wakaleta laini yao ya Afrika Mashariki kutoka Hamburg kwa njia ya Suez. Barua iliyokuwa ikingoja kaskazi na kusi sasa haikungoja pepo. Lakini mimi napenda kuwaonyesha mwaka mmoja tu, 1875. Katika mwaka huo Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, alikwenda London, na safari yake ikapita Misri. Barghash ndiye aliyeleta maji ya chemchemi ya Chemchem kwa mabomba mpaka ndani ya mji wa Unguja, kwa hivyo huyu ni mtu aliyejua thamani ya maji matamu. Haukupita muda tangu arejee, na manowari za Khedive Ismail, zilizotoka Suez, zikatia nanga Barawa na Kismayu, mahali palipopeperusha bendera ya Barghash mwenyewe, zikashusha askari. Kismayu wakaipa jina la Port Ismail! Barghash akalalamika kwa Waingereza, Waingereza wakamkemea Ismail, na mwanzoni mwa 1876 askari wakaondoka. Na katikati ya hayo, Novemba 1875, Ismail huyo huyo, madeni yamemfika shingoni, aliuza hisa zake zote za Suez, 176,602, kwa serikali ya Uingereza kwa takriban pauni milioni 4. Alikuwa akinyakua bandari za mwenzake kwa mkono mmoja huku akiuza nyumba yake kwa mkono wa pili.

Miaka saba baadaye Waingereza wakaingia wenyewe. Mwaka 1882, Ahmad Urabi, afisa wa jeshi la Misri, alipoinuka, jenerali wao Wolseley alifanya kama anaishambulia Abukir, karibu na Alexandria, kisha akapitisha majeshi mferejini na kuyashusha Ismailia. Watu wa Urabi wakajua pa kumshika: wakaweka boma la udongo katika mfereji mtamu, maji ya Ismailia yakaanza kupungua. Wolseley akawa hana la kufanya ila kuufuata huo mfereji hatua kwa hatua, akizibua mabwawa, mpaka Tel el-Kebir, na huko alfajiri ya tarehe 13 Septemba vita vikaisha kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kupika pilau. Vitabu vinasema walipigania Mfereji wa Suez. Askari wenyewe walikuwa wakipigania maji ya kunywa.

Ya mwaka 1956 mnayajua, nitapita mbio. Nasser alipotamka jina la de Lesseps katika hotuba ile ya Julai, hiyo ilikuwa ishara ya kuutaifisha mfereji, na watu wa Mahmoud Younes, mhandisi aliyepewa kazi hiyo, wakaingia ofisi za kampuni Ismailia. Marubani wengi wa kigeni wakaacha kazi Septemba, dunia ikangoja meli zigongane. Hazikugongana. Marubani wa Kimisri, pamoja na Wagiriki waliobaki, walizipitisha. Hii nawaambia nyinyi vijana kwa makusudi, nami sitaongeza neno. Kisha wakaja Waingereza na Wafaransa na Israeli kwa mabomu, Port Said ikaungua, meli zikazamishwa kuziba njia mpaka Aprili 1957. Sanamu ya de Lesseps iliyokuwa mdomoni mwa bandari ililipuliwa Desemba ile. Kwa sanamu, kuna nyingine ambayo haikusimama kamwe: mchongaji Bartholdi alitaka kujenga mlangoni mwa Suez mnara wa taa wenye umbo la mwanamke wa kifalahi aliyeinua mwenge. Fedha hazikupatikana. Baadaye akatengeneza mwanamke mwingine mwenye mwenge, na huyo mnamjua, yuko New York.

Nataka kukaa zaidi na mwaka 1967, kwa kuwa hapo ndipo miji ilipoonja. Vita vya Juni, vya Israeli na Waarabu, vilifunga mfereji, na haukufunguliwa mpaka tarehe 5 Juni 1975. Miaka minane. Meli za kutoka Ulaya kuja kwetu zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na wazee hapa mnakumbuka bei za vitu zilivyopanda. Ndani ya mfereji zilinaswa meli 15: moja ziwa Timsah, na 14 katika Ziwa Kuu Chungu. Za Ujerumani, Uingereza, Uswidi, Poland, Marekani, Bulgaria, Chekoslovakia, Ufaransa. Nchi ambazo huko nje hazikuwa zikisalimiana. Mabaharia wakaunda chama chao, wakachapa stempu zao, mwaka 1968 wakafanya Olimpiki yao ndogo. Kanisa kwenye meli moja, mpira kwenye nyingine, sinema kwenye nyingine. Mchanga uliozipiga ukazigeuza rangi, zikaitwa Msafara wa Manjano. Mfereji ulipofunguliwa, meli mbili za Kijerumani tu, Münsterland na Nordwind, zilifika kwao Hamburg kwa injini zao wenyewe. Mimi mtu wa injini nikisikia hilo huvua kofia.

Lakini stempu na Olimpiki ndizo zinazosimuliwa kila mara. Ng'ambo, kwenye ukingo wa magharibi, mizinga ilikuwa ikiiponda miji. Serikali ikawahamisha wakaazi wa Port Said, Ismailia na Suez, mamia ya maelfu, wakatawanywa Cairo na vijiji vya delta, wakilala mashuleni. Waliobaki Suez walikuwa wachache, na kati yao alikuwapo mshairi mmoja wakimwita Kapteni Ghazali, aliyekusanya kundi la Wilad al-Ard, Wana wa Ardhi, wakaimba kwa simsimiyya. Hiyo ni ala ya nyuzi, ya asili nyuzi tano, ambayo Mluo akiiona atasema ni nyatiti iliyopungua mwili, na Mkisii atasema ni mtoto wa obokano. Hawatakuwa wamekosea sana. Ukoo ni mmoja, umeshuka na Nile kupitia Nubia. Wavuvi na wapagazi wa bandari ndio waliokuwa wakiipiga kabla ya vita. Mkipata shore leave, ninyi vijana, mji wa Port Said bado waipiga. Samahani, lile neno nilikuwa nimeapa nisilitumie. Mkipata ruhusa ya kushuka.

Kuna wageni wengine waliopita mfereji bila kulipa ushuru: samaki. Zamani chumvi nyingi ya Maziwa Machungu ilikuwa kama ukuta; ilipoyeyuka, viumbe wa Bahari ya Shamu wakapanda kaskazini, na mpaka leo mamia ya aina zao wameingia Bahari ya Kati. Wa kwetu wamo. Tasi, jamaa wa huyu tunayemkaanga hapa, sasa anakula mwani wa Lebanon na Uturuki mpaka miamba inabaki uchi. Na bunju naye amefika, na sumu yake, watu wa huko hawakumjua, wengine wakamla. Mtoto wa Shela angeliwaambia bure.

Ya Ever Given, ile meli iliyokwama mferejini, nitasema kidogo, maana kila mtu ana picha zake kwenye simu. Machi 2021, meta 400 za chuma zilikaa mshazari siku sita. Watu walisifu mashine, na mashine zilifanya kazi kweli. Lakini angalieni tarehe: mwezi mpevu ulikuwa usiku wa 28, meli ikatoka 29. Pale kusini, karibu na Suez, maji hujaa na kupwa kama hapa Kilindini. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, ndiyo iliyoinyanyua. Mvuvi yeyote wa Tudor angewaambia wangoje.

Na tangu mwisho wa 2023, kwa mashambulizi ya Bahari ya Shamu, meli nyingi zimerudi kuzunguka Rasi. Mapato ya mfereji yaliyokuwa kama dola bilioni 10 mwaka 2023 yalishuka hadi karibu bilioni 4 mwaka 2024. Mfereji ulikwisha kupanuliwa mwaka 2015, kilomita 35 za njia mpya, sasa una kilomita 193 na kina cha meta 24, na hayo yote hayakusaidia kitu kwa bahari isiyopitika.

Mfereji mdogo wenyewe haukupungukiwa. Tena umepata mwenzake. Kusini ya Port Said wamechimba mahandaki chini ya Mfereji wa Suez, na ndani yake maji ya Nile yanapita kwenda Sinai, kule upande wa kulia nilikouona mchanga mtupu alfajiri ile. Maji matamu yapita chini, meli za laki mbili za tani zapita juu.

Basi wanangu, mkipanda kaskazini, baada ya Maziwa Machungu mtafika Timsah. Ismailia itakuwa kushoto. Kama ni mwezi wa Agosti, mwulizeni mfunga kamba kama ana embe. Ismailia ni mji wa embe, na zile zimenyweshwa na mfereji ninaousema tangu jioni hii. Mimi nilinunua kilo mbili kwa yule mzee, nikazimaliza kabla hatujafika Port Said. Kama zinaishinda ngowe ya Lamu au la, hilo sitalijibu, maana nawaona wazee wa Lamu wawili pale mstari wa mbele.